Faranga mia kwa dola: kumfuata Hattori katika nyaraka za kidijitali

Aprili 1966 bei rasmi ya dola ya Marekani nchini Rwanda ilipanda kutoka faranga 50 hadi 100. Aliyesimamia hatua hiyo alikuwa Mjapani, Masaya Hattori, ofisa wa Benki ya Japani aliyeletwa Kigali mwaka 1965 kupitia Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, awe gavana wa Benki Kuu. Akabaki hadi 1971, na aliporudi kwao akaandika kitabu kuhusu miaka hiyo sita.

Ukitaka kujua kulikuwa na nini, anza na bei mbili. Benki Kuu yenyewe ilikuwa na umri wa miaka miwili tu, maana ilianzishwa Aprili 1964, na nchi ilikuwa na dola kwa bei rasmi na dola kwa bei ya soko huria, ghali mara mbili hivi. Kahawa ndiyo iliyoingiza sehemu kubwa ya fedha za kigeni, na dola zake zilihesabiwa kwa bei rasmi, ile ya chini. Aliyepewa kibali cha kununua dola kwa 50 aliagiza bidhaa kwa gharama ndogo, na hakuna aliyemlazimisha kuziuza kwa bei ndogo. Tofauti ile ilitoka mfukoni mwa mkulima, ingawa mkulima hakuwahi kuiona ikitoka. Kwa hiyo kushusha thamani ya faranga, jambo ambalo magazetini husomeka kama msiba, hapa kulimpa mwenye mibuni nafasi ya kulipwa zaidi. Mimi nauhesabu kuwa uamuzi wa haki.

Zamani, kuyathibitisha haya kulidai tiketi ya ndege. Siku hizi katalogi ya IMF iko wazi kwenye intaneti: andika jina la nchi na mwaka, zitatokea taarifa za wataalamu na kumbukumbu za vikao vya bodi. Benki ya Dunia nayo imeweka ripoti zake za zamani. Kwa miaka ya kabla ya uhuru wa 1962 usitafute “Rwanda”. Andika “Ruanda-Urundi”, na uelekee Brussels, kwa sababu tangu 1916 hapa zilitumika faranga za Kongo ya Kibelgiji. Mtafiti aliyezoea historia ya shilingi hupotea hapa. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyotoa shilingi hiyo na kuundwa 1919, ilikuwa London, na Rwanda haikuwamo.

Sasa mitego. Hati nyingi ni nakala za taipureta zilizofifia, na programu inayogeuza picha kuwa maandishi huweza kusoma 3 ikaandika 8. Usinakili tarakimu bila kufungua picha ya ukurasa wenyewe. Halafu kuna nukta: katika hati ya Kifaransa 1.500 ni elfu moja na mia tano, ilhali katika hati ya Kiingereza ni moja na nusu. Ukichanganya hizo mbili kwenye jedwali moja, utaitajirisha au kuifilisi nchi nzima kwa kidole kimoja. Tazama pia kama kiasi kimeandikwa kwa faranga za Rwanda au za Ubelgiji, kwani vifupisho hufanana.

Mtego mkubwa zaidi hauonekani kwenye skrini. Nyaraka hizi ziliandikwa na wakopeshaji, magavana na mawaziri. Utajua bodi ya IMF kule Washington ilisema nini kuhusu bajeti ya Kayibanda, rais wa Rwanda wakati huo, lakini hutajua mnunuzi wa kahawa kule Cyangugu alimlipa jirani yake kiasi gani kwa kilo wiki ile bei ilipobadilika. Ripoti ya benki husoma uchumi kutoka juu, na asiyelikumbuka hilo ataandika historia ya makabati akadhani ameandika historia ya watu.

Vipande vinavyokosekana huenda viko majumbani: daftari za ushirika, risiti za mizani, vitabu vya madeni vya maduka. Kama marehemu babu yako alinunua kahawa au aliuza nguo na chumvi miaka ya 1960, fungua sanduku lake. Piga picha kila ukurasa, mchana, pamoja na jalada lenye tarehe, kisha upeleke nakala chuo kikuu au kwenye hifadhi ya taifa.