Ada ya nyumba: Mkulima anachangia, je, atanufaika?

MKULIMA aliyejijengea nyumba kijijini bila mkopo wa benki wala msaada wa serikali sasa anatakiwa kisheria kuchangia ujenzi wa nyumba za umma, ambazo nyingi ziko mijini.

Wajibu huo unatokana na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa saini na Rais William Ruto mnamo Machi 19, 2024. Sheria hiyo iliwaongeza wakulima, wachuuzi na wenye maduka katika orodha ya walipaji.

Awali, Sheria ya Fedha ya 2023 iliwalenga waajiriwa na waajiri wao. Mfanyakazi alikatwa asilimia 1.5 ya mshahara, naye mwajiri akaongeza kiasi sawa na hicho. Novemba 28, 2023, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kuwa ada hiyo ilikiuka Katiba. Mojawapo ya sababu walizotoa ni kuwa kuwatoza wenye ajira rasmi pekee, bila maelezo ya kutosha, ni ubaguzi.

Bunge lilijibu kwa kutunga sheria mpya inayomgusa kila mwenye mapato. Oktoba 22, 2024, Mahakama Kuu ilitupilia mbali kesi zilizopinga sheria hiyo, na ada ikaendelea kutozwa. Hivyo ndivyo malalamiko ya waajiriwa kuhusu ubaguzi yalivyomfikia mkulima.

Mapato ghafi si faida

Kwenye karatasi, asilimia 1.5 ni ile ile kwa kila mtu. Shambani, hesabu ni tofauti, kwa kuwa sheria inataja mapato ghafi.

Tuchukue mfano wa mfugaji anayeuza lita 20 za maziwa kwa siku, kila lita kwa Sh50. Kwa siku 30 anapata Sh30,000. Akitumia Sh21,000 kununulia chakula cha ng'ombe, dawa na kulipia usafiri, anabaki na Sh9,000. Asilimia 1.5 ya Sh30,000 ni Sh450, ambazo ni asilimia tano ya kile kilichobaki mfukoni.

Karani anayelipwa mshahara wa Sh30,000 pia hukatwa Sh450, lakini yeye hakununua chakula cha ng'ombe ili apate mshahara huo.

Kwa mwenye duka aliyeajiri watu wawili kwa Sh15,000 kila mmoja, kuna mzigo mwingine. Kila mfanyakazi anakatwa Sh225, na mwajiri anaongeza kiasi hicho kwa kila mmoja. Jumla ni Sh900 kwa mwezi, mbali na ada ya mapato yake mwenyewe. Pesa hizo zapasa kuwasilishwa kufikia siku ya tisa ya kazi ya mwezi unaofuata. Anayechelewa hutozwa faini ya asilimia tatu ya deni kwa kila mwezi.

Gharama za aliyejijengea

Mlipaji huyu pia hajamaliza kugharamia nyumba yake. Saruji na mabati anayonunua yanatozwa ushuru wa VAT wa asilimia 16. Akinunua ploti, hulipa ushuru wa stempu wa asilimia nne ya thamani yake mjini au asilimia mbili mashambani. Akijenga karibu na soko, kaunti humdai ada ya kuidhinisha ramani na kodi ya ardhi ya kila mwaka.

Kwa upande mwingine, sheria ilirekebishwa mwaka wa 2018 ili anayenunua nyumba yake ya kwanza chini ya mpango wa nyumba nafuu asilipe ushuru wa stempu. Afueni hiyo haimfikii kijana anayenunua robo ekari ajijengee mwenyewe.

Hata hivyo, haja ya nyumba mijini ni ya kweli. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa takriban asilimia 61 ya familia nchini ziliishi katika nyumba zao wenyewe, lakini mijini zilikuwa karibu asilimia 21 tu. Mpangaji wa Mukuru ndiye mnunuzi wa maziwa na sukumawiki za mkulima. Kodi ikimla mshahara, hapo sokoni atapunguza kapu. Mkulima basi ana sababu ya kuunga mkono nyumba nafuu, mradi zimfikie aliyekusudiwa.

Funzo la Dandora

Hapo ndipo historia inapotia wasiwasi. Katika miaka ya 1970, serikali na Benki ya Dunia zilianzisha mradi wa Dandora, Nairobi, uliogawa viwanja takriban 6,000 kwa watu wa mapato ya chini ili wajijengee. Miaka ilipopita, wengi waliopewa viwanja waliondoka na kuwapangisha wengine, na viwanja vingine vikaishia mikononi mwa wenye uwezo. Nyumba zilijengwa, lakini maskini aliyekusudiwa akabaki mpangaji.

Sheria ya 2024 imejaribu kuziba mwanya huo. Nyumba za kijamii zimetengewa wanaopata chini ya Sh20,000 kwa mwezi, na zile za bei nafuu wanaopata kati ya Sh20,000 na Sh149,000. Aliyenunua haruhusiwi kuiuza bila idhini ya maandishi ya bodi inayosimamia hazina ya nyumba.

Masharti hayo yatakuwa na maana iwapo kuna anayekagua. Mei 20, 2025, funguo za nyumba 1,080 zilikabidhiwa wakazi wa mtaa mpya wa Mukuru. Swali la kuuliza miaka mitano baadaye si nyumba ngapi zilizinduliwa, bali ni nani anayelala ndani yake. Ada hiyo ilikusanya zaidi ya Sh70 bilioni katika mwaka wa kifedha wa 2024/25, na pesa nyingi kiasi hicho zinahitaji macho mengi.

La kufanya

Sheria inatambua pia nyumba nafuu za mashambani, na inataka kila kaunti iwe na kamati ya nyumba ya mijini na mashambani. Mkulima hawezi kuwaacha ng'ombe wake ahamie ghorofa ya mjini. Kwake, faida itakuja kupitia kipengele hiki, na wanachama wa vyama vya ushirika wanafaa kuuliza kamati ya kaunti yao ina mpango gani na umetengewa pesa ngapi.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu raia kuandikia afisi ya umma, kwa Kiswahili au Kiingereza, akitaka rekodi. Afisi ina siku 21 za kujibu. Ikikataa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki za Kiutawala, maarufu kama Ombudsman. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali nazo ni za umma.

La mwisho ni daftari. Mfugaji asiyeandika anachouza na anachotumia hawezi kumwonyesha mbunge wake kuwa Sh450 ni sehemu kubwa ya faida yake. Mwenye rekodi za miezi 12 anaweza kuzipeleka Bunge linapoita maoni ya wananchi kuhusu Mswada wa Fedha, na kudai kuwa wakulima na wafanyabiashara wadogo watozwe kwa kile kinachobaki baada ya gharama. Vikundi vya wafugaji vinaweza kuanza kazi hiyo mwezi huu, kwa kalamu na risiti za maziwa.