Kupanda kwa Takbira, Kushuka kwa Tasbihi

Tuliondoka Moshi mjini siku ya Jumamosi, baada ya swala ya Alfajiri, tukiwa wawili, kila mmoja juu ya pikipiki yake. Mwenzetu ni rafiki wa tangu madrasa, baba wa watoto watatu. Nia yetu ilikuwa kupita Himo na Marangu hadi Tarakea, mji wa Rombo ulio mpakani na Kenya, kisha kurejea kabla ya Magharibi. Tulivaa kofia ngumu, tukasoma dua ya kupanda chombo iliyomo katika Suratuz-Zukhruf, tukashika njia.

Ukiiacha Himo, barabara huaga joto la tambarare na kuanza kupanda. Imepokewa kwa Jabir bin Abdillah (r.a.), katika Sahihi Bukhari, kwamba Masahaba walipopanda mwinuko walileta takbira, na waliposhuka walileta tasbihi. Nasi tukafanya hivyo. Mashamba ya mahindi yakaisha, ikaja migomba na chini yake mibuni, na pembeni mifereji ambayo Wachaga waliichimba tangu zama za mababu kuteremsha maji ya mlima hadi vihambani. Upande wa Rombo mawingu yalifunguka kidogo, tukakiona kilele cha Mawenzi, mita 5,149, chenye mapengo-mapengo. Kibo, chenye mita 5,895, kilibaki kimejifunika. Tarakea tuliswali Adhuhuri, tukala ndizi kwa nyama, tukageuza.

Kupanda hakukutupa taabu. Taabu ilikuwa katika kushuka. Tulipoipita Marangu manyunyu yalianza, lami ikawa telezi. Mwenzetu, kwa kutaka kuokoa petroli, aliweka gia huru akaiachia pikipiki iteremke kwa uzito wake. Tulimpigia honi apunguze mwendo. Akadhani tunamwita kwenye mashindano. Penye kona akatokea bibi mmoja aliyejitwisha mzigo wa majani ya ng'ombe, anavuka. Breki ya mbele ikabanwa ghafla, gurudumu likateleza, mwenzetu akaburuzika hadi mtaroni. Bibi alisalimika kwa hatua mbili tu.

Alhamdulillahi, mwenzetu aliinuka na michubuko ya mkono na goti. Lakini kofia yake ilikuwa na ufa upande wa sikio. Alitaka kuomba radhi, likamtoka neno moja tu: "Shikamoo." Bibi akaitikia, akautua mzigo, akamfuta tope usoni kwa ncha ya kanga yake, kisha akamuuliza:

"Una watoto, baba?"

Mwenzetu hakuweza kujibu. Alilia.

Tulishuka hadi Himo kwa gia ndogo, injini ikilizuia gurudumu, breki zikiguswa kwa vipindi. Tasbihi tulizozisahau tangu Tarakea zikarejea midomoni. Hapo tulitambua kwamba sunna ile ina malezi ndani yake: anayemtakasa Mola wake kwa moyo uliohudhuria hana nafasi ya kushindana na mteremko.

Ndugu msomaji, mwili unaoupandisha juu ya pikipiki ni amana ya Mwenyezi Mungu, na mkeo na wanao wana haki ndani yake. Vivyo hivyo yule anayevuka barabara na mzigo wake.

Kofia iliyopasuka haifai kuvaliwa tena, na mwenzetu amenunua nyingine. Ile ya zamani ameitundika karibu na mlango, aione kila anapotoka.