Bonge Lisiloyeyuka: Utangulizi wa Sarkoma ya Ateri ya Mapafu

Sarkoma ya ateri ya mapafu ni ugonjwa ambao daktari anaweza kustaafu bila kuuona, au akauona na asiutambue. Ni saratani inayoota ndani ya ateri ya mapafu, ule mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni na kuipeleka mapafuni. Huanzia kwenye utando wa ndani kabisa wa mshipa. Mandelstamm aliieleza mwaka 1923 baada ya kuikuta kwenye maiti, na kwa miongo mingi hivyo ndivyo ilivyoendelea kugunduliwa.

Kinachoificha ni kufanana kwake na damu iliyoganda. Bonge la kawaida huanzia mguuni, hung'oka, hupita moyoni, kisha hukwama mapafuni. Mgonjwa hubanwa pumzi, kifua humuuma, pengine hukohoa damu. Sarkoma humletea dalili zile zile, kwani mshipa ukishazibwa moyo huelemewa, liwe bonge au iwe nyama ya saratani. Hata kwenye picha ya CT vyote viwili huonekana kama doa jeusi mahali ambapo dawa ya kung'arisha mishipa haikupita. Basi mgonjwa huanzishiwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Uamuzi huo ni sahihi, maana bonge la kweli huua haraka na haliwezi kusubiri. Tatizo huja wiki zinapopita, dawa inatumiwa ipasavyo, na kizibo kiko pale pale au kimekua. Mara nyingi jibu huwa kubadilisha dawa au kuongeza dozi. Mimi naona huo ndio wakati wa kuirudia picha ile ya kwanza na kuitazama upya.

Tazama kingo za kizibo. Bonge mara nyingi hutawanyika katika matawi ya mapafu yote mawili na kuacha upenyo ambamo damu hupita. Sarkoma hupenda shina kuu au tawi lake moja kubwa, hulijaza pomoni hadi likatanuka, na upande unaoelekea moyoni hutuna, mithili ya embe lililosukumwa ndani ya bomba. Inaweza hata kurudi nyuma dhidi ya mkondo wa damu hadi kwenye vali. Wakati mwingine mstari wa ukuta wa mshipa haufuatiki tena, kwa sababu uvimbe umekwisha kuula. Bonge halili ukuta.

Kisha mrudie mgonjwa mwenyewe. Je, amekonda? Ana homa za mara kwa mara, upungufu wa damu? Miguu yake imepimwa ikakutwa salama? Hakuna hata jibu moja linalotosha peke yake, lakini yakikusanyika ni sababu ya kuomba MRI au PET. Kwenye PET saratani hii kwa kawaida hung'aa kwa kufyonza sukari, ingawa zipo zisizong'aa sana. Uthibitisho hutoka kwenye kinyama kilichokatwa, kwa mrija unaopitishwa mshipani au wakati wa upasuaji. Mtaalamu wa patholojia akichunguza, mara nyingi hukuta jeni ya MDM2, iliyoko kwenye kromosomu ya 12, imejirudufu kupita kiasi.

Tiba yenye uzito ni upasuaji, nayo ni kazi nzito: mgonjwa huunganishwa na mashine ya moyo na mapafu, mwili hupozwa hadi nyuzi 20 hivi, mzunguko wa damu husimamishwa kwa muda, na uvimbe hukwanguliwa pamoja na utando wa ndani wa mshipa. Wapo waliofanyiwa upasuaji huo kwa kudhaniwa wana mabonge sugu, na sarkoma ikajulikana tu pale kilichotolewa kilipofika maabara. Dawa kama doksorubisini hufuata. Uponaji kamili bado ni nadra, lakini bila upasuaji maisha huhesabiwa kwa wiki, na waliokatwa uvimbe mapema wengi hupata miezi, wengine miaka. Kwa hiyo tutaanza na picha za CT, kwa kuwa huko ndiko muda mwingi wa wagonjwa hawa unakopotelea.