Jokofu la Chanjo Halitengenezi Baridi, Linaondoa Joto



Kamati za sharika za Kasulu na Kibondo hutuuliza kwa nini jokofu la chanjo ni ghali kuliko la dukani, na kwa nini tunasisitiza sana mahali litakapowekwa. Ni swali la haki, kwa kuwa fedha ni za waumini na wafadhili.

Kwanza tuelewe kwamba baridi haitengenezwi, bali joto huondolewa. Mtungi wa udongo unaonyesha hivyo. Maji kidogo hupenya hadi nje na kugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto la maji yaliyobaki. Jokofu hufanya vivyo hivyo, ila mvuke wake haupotei. Ndani ya mabomba yake mna kimiminika kinachochemka hata kwenye ubaridi. Kikigeuka gesi hubeba joto la ndani. Kompresa huibana gesi hiyo hadi iwe ya moto kuliko hewa ya chumbani. Kwenye mabomba ya nje gesi hutoa joto lake, hugeuka tena kimiminika, hupita katika tundu jembamba na kuanza upya.

Mitambo mikubwa ya kupooza maghorofa hufuata kanuni hiyo hiyo. Kompresa yake ni gurudumu linalozunguka kwa kasi kubwa, aina aliyoitambulisha Willis Carrier wa Marekani mwaka 1922. Joto lake huchukuliwa na maji, ambayo hupelekwa kwenye mnara yakapoe. Zahanati haihitaji mnara, lakini fundisho ni moja: joto lisipopata pa kutokea, hakuna kupoa.

Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Joto likizidi, chanjo ya surua huharibika. Ikiganda, chanjo ya pepopunda hupoteza nguvu, na mtoto huchomwa sindano isiyomkinga. Jokofu la nyumbani halikuundwa kulinda mipaka hiyo, na hapo ndipo tofauti ya bei inapotoka.

Gridi ya Taifa ilifika Kasulu na Kibondo mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya majenereta. Hata hivyo, umeme hukatika, na zahanati iliyo mbali na nguzo inahitaji njia nyingine. Jokofu la mafuta ya taa hutegemea mafuta kununuliwa daima, na nyuzi zake ni vigumu kuzidhibiti. Jokofu la sola lisilo na betri hugandisha barafu jua likiwaka, na barafu hiyo hutunza ubaridi usiku. Shirika la Afya Duniani hutaka jokofu la aina hiyo lihimili angalau siku 3 bila jua, jambo muhimu kwetu wakati wa masika.

Tunaziomba kamati zisimamie haya:

1. Jokofu liwe mbali na ukuta kadiri fundi anavyoelekeza, joto lipate kutoka.
2. Paneli zifutwe vumbi na matawi yanayozitia kivuli yakatwe.
3. Simu zisichajiwe kwa umeme wa jokofu.
4. Nyuzi ziandikwe asubuhi na jioni, hata siku za mapumziko.

Mfadhili hununua jokofu mara moja. Kulitunza ni kazi ya kila siku, na hiyo ni yetu sote.