Mirija ya darasani: hupita Namanga, hukwama Rusumo

Saa moja jioni, duka linakaribia kufungwa, anaingia mtoto wa darasa la pili akivutwa mkono na mama yake. Kesho kuna somo la ufundi na mwalimu ameagiza kila mwanafunzi aje na mirija kumi. Si ya kunywea soda. Ni ya kukatwa, kutungwa kwenye uzi na kupulizwa.

Wauza vifaa vya shule wanaijua saa hiyo. Nchini Kenya, tangu mtaala wa umilisi uanze kutumika kote mwaka 2019, wazazi wamelalamika kwamba kila jioni kuna kitu cha kutafuta: leo maboksi, kesho vifuniko vya chupa, keshokutwa mirija. Kwa mwenye duka la mpakani malalamiko hayo ni biashara, mradi ajue anabeba mrija wa aina gani na anaupitisha mpaka upi. Hapo ndipo wengi hupoteza mtaji.

Mfanyabiashara aliyenunua katoni ya mirija ya plastiki Kariakoo akapanda basi la Namanga hana neno kuhusu plastiki yenyewe. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na tangu Juni 5, 2020 imezuia plastiki za kutumika mara moja, mirija ikiwemo, ndani ya hifadhi za taifa, fukwe, misitu na maeneo mengine ya uhifadhi. Madukani mirija inauzwa. Lakini mwalimu anayewapeleka watoto Amboseli na kazi zao za mikono za mirija atasimamishwa getini.

Katoni hiyo hiyo ikivushwa daraja la Rusumo ni habari nyingine. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2019 inakataza kutengeneza, kuingiza, kutumia na kuuza vitu vya plastiki vya kutumika mara moja, na mrija ni miongoni mwavyo. Anayeingiza hunyang'anywa mzigo na kutozwa faini ya mara kumi ya thamani yake. Kusema kwamba ni ya watoto wa shule hakusaidii. Asiye na kibali maalumu hapiti. Anayerudi upande wa Tanzania naye akumbuke kwamba mifuko ya plastiki imekatazwa huko tangu Juni 1, 2019. Mirija yenyewe inaweza kupita, rambo iliyobebea ikabaki mpakani.

Basi auze nini? Jibu linategemea watoto wanaitumiaje, na muuzaji anayejua hilo humshauri mzazi vizuri kuliko anayehesabu pakiti tu.

Kazi rahisi kuliko zote ni shanga. Mrija hukatwa vipande vya urefu wa ukucha, kisha hutungwa kwenye uzi: vyekundu kumi, vyeupe kumi, vya bluu kumi. Mtoto wa darasa la kwanza anavaa mkufu wake na wakati huo huo amejifunza kuhesabu kwa makumi. Vipande huruka mkasi unapofunga, hivyo inafaa kukatia ndani ya beseni. Nyumbani penye mtoto anayetambaa visiachwe sakafuni, maana vinaziba koo. Kwa shanga, mrija wa karatasi unafaa sawa na wa plastiki, na hata kuuzidi, kwa kuwa unapakwa rangi.

Maumbo nayo hayahitaji plastiki. Uzi ukipitishwa ndani ya mirija mitatu na kukazwa fundo, hupatikana pembetatu isiyoyumba. Mirija minne hutoa mraba, lakini ukisukumwa kidogo tu unalala. Mwalimu akiwaacha watoto waugundue wenyewe ulegevu huo, kisha awatoe nje watazame kenchi za paa la darasa lao, wataona pembetatu tupu na hawatauliza tena kwa nini fundi alizipanga hivyo. Wakubwa kidogo wanaweza kuunganisha mirija sita wapate piramidi yenye nyuso nne, ambayo hata kitabu kikiwekwa juu yake taratibu haibonyei upesi.

Roketi hupendwa na wavulana na wasichana sawasawa. Ukanda wa karatasi huviringishwa juu ya mrija bila kubana, hugundishwa kwa gamu, na ncha moja hukunjwa ili hewa isitoke. Mtoto akipuliza, karatasi inaruka. Wanapima kwa rula nani amefika mbali, na hapo hesabu ya sentimita haihitaji kiboko.

Mrija wa karatasi hushindwa kwenye filimbi. Ncha moja ya mrija hubanwa ikalala bapa, hukatwa pembeni pande mbili ikawa kama ncha ya mkuki, kisha huingizwa mdomoni na kupulizwa kwa nguvu. Zile ndimi mbili hutetemeka na kutoa mlio, jinsi ileile ndimi za zumari ya pwani zinavyofanya ngomani. Mwenzake akikata mrija kidogo kidogo kutoka mwisho wa pili huku wa kwanza akipuliza, sauti hupanda kila mkasi unapofunga. Darasa zima hucheka. Mrija wa karatasi hulowa mate na ndimi hujikunja baada ya muda mfupi, kwa hiyo anayeuza Rwanda asimdanganye mwalimu kwamba ni sawa.

Lakini watoto wa ukanda huu walikuwa na dawa kabla plastiki haijafika. Bua la jani la mpapai lina uwazi ndani, na vizazi kwa vizazi wamelipuliza kama tarumbeta. Lioshwe tu utomvu, kwani huwasha midomo. Na kwa Wateso wa Uganda mashariki na wenzao wa upande wa Kenya, karibu na Busia na Malaba, mrija mrefu ni chombo cha heshima: wazee huketi kuzunguka chungu kimoja cha ajono, kila mmoja na wake. Hata mrija wa dukani ulitokana na mmea. Watu wa Marekani walikuwa wakinywea mabua ya nafaka yaliyoacha ladha ya majani kwenye kinywaji, mpaka Marvin Stone alipopata hataza ya mrija wa karatasi mwaka 1888.

Kipo kishawishi cha kuokota mirija iliyotumika kwenye baa na migahawa, kuifunga upya na kuiuza kwa bei ya chini. Kwa shanga, ikichemshwa na kuoshwa kwa sabuni, mwalimu anaweza kuikubali. Kwa filimbi, roketi au kazi nyingine yoyote ya kupuliza, hapana. Muuzaji aliyefanya hivyo na kukaa kimya amechezea afya ya watoto wa wateja wake.

Upande wa forodha, mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kupita kwa utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa cheti rahisi cha asili kinachopatikana mpakani. Lakini cheti hicho ni cha bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mirija iliyotoka China haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kununuliwa Dar es Salaam au Nairobi. Pakiti isomwe imetengenezwa wapi kabla ya kulipia katoni, na ofisa wa mpakani aulizwe kama bidhaa hiyo imo kwenye orodha.

Kalenda nayo haifanani. Kenya na Tanzania hufungua mwaka wa masomo Januari, Uganda kwa kawaida Februari. Rwanda, Burundi na Kongo huanza Septemba. Mwenye mirija ya karatasi iliyobaki baada ya msimu wa Arusha na Nairobi ana miezi kadhaa ya kuitunza mahali pakavu, mbali na panya na mvua za masika, kabla Rusumo haijaanza kuiulizia.