JIKO LA KUCHEZEA LA DUKANI: LIGEUZE LIWE LA MTOTO WA MTEJA WAKO, UPATE FAIDA

Leo tuongelee bidhaa ambayo wengi tunaipita tu dukani: yale majiko ya kuchezea ya mbao, yenye sinki, plati na kabati. Mimi nayanunua yakiwa ya kawaida, nayabadilisha kulingana na mtoto, halafu nayauza. Mteja hanilipi kwa sababu ya jiko, maana jiko lipo dukani. Ananilipa kwa sababu nimelifanya lifanane na jiko la nyumbani kwake.

Wazo lenyewe sio geni. Ulaya na Marekani wazazi wengi wananunua jiko la IKEA linaloitwa DUKTIG, wanalipaka rangi na kulibadilisha vishikio. Miguu yake inapandishwa kadiri mtoto anavyokua. Huku kwetu tunauziwa ya aina nyingine, lakini kazi ni ileile. Twende hatua kwa hatua.

1. CHAGUA JIKO KWA MKONO, SIO KWA MACHO
Litikise. Likiyumba dukani, kwa mtoto litavunjika. Angalia kama ni MDF tupu au limebandikwa ganda la juu linaloteleza, kwa sababu hapo ndipo rangi inakubali au inakataa. Nunua lenye skrubu, sio la misumari tupu, ili uweze kulifungua na kupaka kila kipande peke yake.

2. RANGI: HAPA USIBANE HELA
Tumia rangi ya maji ambayo kopo lake limeandikwa wazi kwamba haina madini ya risasi. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na madhara yake hayarudi nyuma. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni risasi isizidi sehemu 90 kwa kila milioni. Mabaki ya rangi ya geti uliyopewa bure na fundi, achana nayo. Mtoto atalamba hilo jiko, hilo halina ubishi.

Kupaka ni hivi: piga msasa laini mpaka mng'ao uishe, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, paka praima, kisha rangi mikono miwili myembamba kwa rola ndogo ya sponji. Kingo za MDF zinanyonya sana, zipe praima mara mbili. Rangi ikikauka kwa kugusa bado haijakomaa, inahitaji siku kadhaa hadi wiki chache. Ukifunga milango mapema itagandana. Kwa hiyo mwambie mteja tarehe ya kweli tangu mwanzo.

3. LIFANYE LIWE JIKO LA KWETU
Watoto wetu wakicheza baba na mama wanaiga wanachokiona. Mimi naongeza kamtungi ka gesi ka mbao, ungo mdogo wa kusuka, kinu na mchi, mwiko, na kibao cha mbuzi kisicho na meno ya chuma. Hivi vitu naviagiza kwa wasusi na maseremala wa mtaani, nao wanapata riziki. Pazia dogo la kitenge chini ya sinki linapendeza kuliko mlango, na halibani vidole.

4. USALAMA NDIO JINA LAKO
- Chochote kinachopita kwenye lile boksi la mviringo linalobaki karatasi ya chooni ikiisha, ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Kitamkaba.
- Plati za taa zinatumia betri. Hakikisha kifuniko kinafungwa kwa skrubu. Zile betri bapa kama kifungo ni hatari kabisa: mtoto akimeza, inaweza kuunguza koo ndani ya saa 2.
- Kioo cha kweli usiweke. Tumia plastiki ya kung'aa.
- Jiko refu lifungwe ukutani. Mtoto atapanda, na likimwangukia, mteja hatakumbuka rangi nzuri uliyopaka.

Hilo la mwisho linaleta mjadala. Kuna mama mmoja, mpangaji, aliniambia mwenye nyumba hataki tundu hata moja ukutani. Alitaka jiko lenye rafu ndefu ya juu kama aliloliona kwenye picha, na hela alikuwa nayo mkononi. Nikamwambia, "Dada, rafu ya juu naitoa, na chini naongeza ubao mzito. La sivyo siliuzi." Alinuna kidogo, akaondoka. Kesho yake akapiga simu, tukalitengeneza fupi. Hata asingerudi, lile refu nisingemuuzia.

5. PIGA HESABU PAMOJA NA MIKONO YAKO
Huu ni mfano tu, weka bei za soko lako:
Jiko 150,000
Rangi 18,000
Praima 12,000
Msasa 3,000
Vishikio 8,000
Kitenge 5,000
Vyombo vya kuchezea 20,000
Usafiri 14,000
Jumla 230,000

Wengi wanaishia hapo, wanauza 260,000 na kujisifu wamepata 30,000. Je, zile saa 10 ulizoinama na msasa ni za nani? Ukijilipa 5,000 kwa saa, ni 50,000. Gharama halisi ni 280,000. Ukiuza 260,000 umempa mteja zawadi. Ukiuza 350,000, biashara inabaki na 70,000 na wewe umeshalipwa. Mteja akiona ni ghali, punguza vyombo au kitenge. Praima na skrubu usiguse.

6. JINA LA MTOTO LIWE LA MWISHO
Wateja wanapenda jina la mtoto liandikwe juu. Pokea advansi isiyopungua gharama ya vifaa, na jina libandike siku ya kukabidhi, hela ikiwa imekamilika. Ukishaandika "Jiko la Aisha" na mteja akapotea, mama Neema hatalinunua.

Ukitaka kuanza, anza na moja. Lipige picha likiwa la dukani, kisha lipige tena likiwa tayari. Picha hizo mbili zikiwa pamoja zitakuuzia la pili.

Wewe uliye kwenye samani au vitu vya watoto, mteja akiomba kitu cha hatari unamjibuje? Tuandikie hapo chini, tujifunze wote. Biashara njema!