Pikipiki ya mbio, kijana wa miaka 20: siku ya ajali nani analipa?

Hapa Mikelenge, kijana akirudi kutoka karière na feza ya kwanza yenye kuonekana, ananunua pikipiki. Mama anamwambia aanze na kiwanja, ao hata mabati, lakini yeye ameshachagua. Tena hatafuti ile ya kubeba mizigo tu. Anataka yenye kulia, tanki kubwa, kiti kinachoinuka nyuma, aina ya TVS Apache ao Bajaj Pulsar, ile iliyotengenezwa kwa mbio. Hatumcheki. Kati ya Kindu na machimbo ya upande wa Kailo ao Kalima, mwenye pikipiki anafika siku ileile, mwenye miguu analala njiani. Zamani za SOMINKI magari ya kampuni ndiyo yalibeba wafanyakazi, na lori likigonga mtu, kampuni ndiyo iliitwa kujibu. Leo kila mmoja anajibeba, na kila mmoja ataitwa yeye mwenyewe.

Sisi wa sendika tunawauliza swali moja: siku ukigonga mtu, nani atalipa? Wengi wanajibu, "Mungu iko." Wengine wanatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, wanasema, "Niko na asiranse." Tunaisoma pamoja. Mara namba ya plake si ya pikipiki hiyo. Mara tarehe imeisha tangu mvua ya mwaka jana. Mara ni risiti ya taksi fulani, haihusu bima hata kidogo, lakini kwenye barière ilimpitisha, basi akaamini ni asiranse.

Bima hiyo ni lazima, wandugu. Sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973 ilisema kila chombo cha motere kinachotembea barabarani kiwe na bima ya kulipa madhara kwa watu wengine, na sheria mpya ya bima ya tarehe 17 Machi 2015 haikuondoa lazima hiyo. Kwa Kifaransa ni responsabilité civile, wenye kuendesha wanasema RC. Maana yake: ukigonga mama anayetoka sokoni, kampuni inalipa matunzo yake, ao inalipa familia yake kama amekufa. Mguu wako wewe uliovunjika, RC haiujui. Pikipiki yako iliyopinda, RC haiijui. Yenye kugusa na mali yako inaitwa tous risques, na bei yake ni ingine kabisa. Kwa kijana mwenye mashine ya mbio, mara nyingi hata hawamuuzii.

Asipokuwa na RC, asiranse yake ni familia. Tumekaa kwenye mazungumzo ya namna hiyo zaidi ya mara moja. Wazee wa pande mbili wako kwenye viti vya plastiki, upande mmoja unaleta karatasi za hospitali, upande mwingine unahesabu: pikipiki yenyewe (tayari iko polisi), mbuzi wawili, mashine ya kushona ya dada, na mwisho karatasi za kiwanja. Baba ameshika sululu miaka 30 ili kujenga vyumba vitatu, vinaondoka kwa alasiri moja. Na aliyegongwa naye hapati ya kutosha, juu hakuna kilichobaki cha kuuza. Ndiyo sababu tunaandika juu ya asiranse kwenye ukurasa wa wachimbaji.

"Lakini bei iko juu sana kwetu vijana." Ni kweli, na si Kindu tu. Kampuni ya bima inaangalia nguvu ya injini, inaangalia kazi ya chombo, inaangalia dereva ana permi tangu lini. Nchini Ufaransa sheria inaruhusu kumwongezea dereva mpya mpaka 100%, maana yake analipa mara mbili. Akipita mwaka bila ajali, nyongeza inapungua nusu, na baada ya miaka mitatu imekwisha. Akiendelea miaka 13 bila kosa, analipa nusu ya bei ya kawaida. Mwenye kugonga kila mara, yeye anaweza kupandishwa mpaka mara tatu na nusu. Huko Ulaya walikuwa hata wanawatoza wavulana zaidi kuliko wasichana, mpaka mahakama ya Umoja wa Ulaya ilipokataza kwa hukumu ya tarehe 1 Machi 2011, katika kesi iliyoanzia Ubelgiji. (Wasichana ndio waliopoteza pale, ukifikiri vizuri.) Kwa hiyo kijana wa Paris mwenye gari la mbio analia sawa na kijana wa Mikelenge. Tofauti ni kwamba yule anajua bei itashuka akitulia, na wetu hakuna aliyemwambia kwamba kuna kitu cha kungojea.

Bei inaweza kushushwa wapi? Kwanza kabla ya kununua. Nenda uulize bei ya bima ya mashine mbili, ile ya mbio na ile ndogo ya kazi, kabla hujatoa hata franka moja kwa muuzaji. Vijana wanauliza bei ya pikipiki, bei ya mafuta, bei ya stika za kupamba tanki, bima wanaiuliza siku polisi ya roulage imewasimamisha. Wakati huo mashine imeshanunuliwa na hakuna cha kubishana.

Pili, ukweli kwenye mkataba. Hapa tunasema kwa nguvu, juu tunaona hila hii kila siku. Kijana anaandikisha "matumizi binafsi" ili alipe kidogo, kesho yake anabeba abiria wawili na mfuko wa kasiterite katikati. Mwingine anaandika jina la baba, mtu mzima mwenye permi ya zamani, kumbe baba hajapanda pikipiki hiyo hata siku moja. Siku ya ajali kampuni inatuma mtu, anauliza majirani, na majirani wanasema ukweli bila kujua wanaharibu nini. Kampuni inapata sababu ya kukataa ao ya kupunguza malipo. Feza zote ulizolipa zilikuwa za bure. Na mzazi anayemwachia mtoto wa miaka 15 pikipiki aende nayo mpaka machimbo, huyo asitegemee kampuni yoyote, hata kama karatasi yake ni safi.

Tatu, kulinganisha. Wazazi wetu hawakuwa na nafasi hiyo. SONAS ilianzishwa mwaka 1966 na kwa miaka karibu 50 ilikuwa peke yake. Sheria ya 2015 ilifungua mlango, ARCA ikaundwa mwaka 2016 kusimamia soko, na kampuni za binafsi za kwanza zikapata ruhusa mwaka 2019. Zilianzia Kinshasa na miji mikubwa, kwa hiyo Maniema tusidanganyane, chaguo bado ni dogo. Lakini hata kwa muuzaji mmoja unaweza kudai akuandikie bei kwa vipande: RC ni kiasi gani, abiria kiasi gani, kodi kiasi gani. Anayekuuzia akuonyeshe kampuni yake ina agrément ya ARCA. Kisha angalia mwenyewe namba ya shasi, siku ya kuanza, siku ya kuisha. Muuzaji asiyetaka usome, usimpe feza.

Njia tunayoiamini zaidi ni kwenda wengi. Sheria ya madini ya tarehe 9 Machi 2018 inataka kila mchimbaji wa mikono awe ndani ya koperative. Basi koperative iko, ina wakubwa, ina muhuri. Mbona inafanya kazi siku ya kupima mifuko tu? Tuseme koperative ina pikipiki 60. Mtu mmoja wa miaka 20 anatisha kampuni. Pikipiki 60 zenye orodha ya namba za shasi, madereva wenye permi, na mtu mmoja anayekagua breki na taa kila juma, hiyo ni biashara, na kwa biashara bei inazungumzwa. Kampuni zinajua mkataba wa namna hiyo, wanauita flotte. Wanaoanza wachanganywe na wazee wa kazi, ili mmoja asibebe peke yake woga wote wa kampuni.

Tatizo lingine ni kulipa kwa mara moja. Hapo bamama wa Mikelenge wametangulia zamani na likelemba zao. Watu kumi, kila mwezi kila mmoja anaweka kiasi kilekile, na mwenye zamu analipa asiranse yake. Sharti moja: mweka hazina anaenda naye mpaka ofisini. Ukimkabidhi kijana feza mkononi, usishangae ukiona taa mpya kwenye pikipiki.

Kwa walio na mwajiri kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui. Ajali ya njiani kutoka nyumbani kwenda kazini inahesabiwa kama ajali ya kazi kwenye CNSS, ikiwa mwajiri amekuandikisha na ameitangaza. Hiyo ndiyo inaweza kugusa mguu wako, ule ambao RC haiujui. Mwambie mkuu wako upesi na uweke karatasi ya daktari wa kwanza. Mchimbaji wa mikono hana mwajiri wa kumtangaza, na kwake mkataba wa koperative unazidi kuwa na maana.

Na wakubwa wa koperative bado tunabishana juu ya jambo moja. Wanakubali kukata kiasi kidogo kwenye kila kilo ya kasiterite ili kulipa flotte, lakini wanataka kikatwe kwa mchimbaji peke yake. Sisi tunasema mnunuzi naye achangie. Mfuko wake unafika Kindu juu ya kiti cha pikipiki hiyohiyo, na dereva akichelewa saa mbili, mnunuzi ndiye wa kwanza kupiga simu akisema aongeze mbio.